Dawa ya Meno Kwenye Taa ya Pikipiki

Mama alipokuja kukaa kwangu Chumbageni, kitu cha kwanza kuisha ndani ya nyumba kilikuwa dawa ya meno. Zikafuata ndimu. Ikafuata siki niliyoiweka kwa ajili ya achari, kisha magadi, kisha sabuni ya unga, na mwisho mafuta ya nazi. Yale mafuta niliyakamua mwenyewe kwa ajili ya nywele zangu, nikayakuta yanang'aa kwenye rimu za pikipiki. Nilipolalamika aliniambia nywele zangu haziliwi na chumvi ya bahari.

Mama alikuwa bibi shamba. Miaka yake yote ya kazi aliimalizia Mwera na vijiji vya jirani, akiwasumbua watu wapande minazi kwa nafasi na waache kuchoma mashamba moto. Kazi hiyo aliifanya juu ya pikipiki, suruali chini ya gauni, mtandio ndani ya helmeti. Alipostaafu akauziwa ile ile aliyoizoea. Baba alipofariki nilimbembeleza aje mjini, na mwisho akakubali. Nikadhani atakuja kwa basi kama watu wengine. Alikuja kwa pikipiki, peke yake, akavuka nayo kivuko cha Pangani, akanifikia na vumbi hadi kwenye kope. Hata maji hajanywa akanipa taarifa kwamba masika yakikaribia anarudi kupanda mahindi yake.

Mimi ni mtu asiyeweza kukaa. Cherehani ndiyo iliyonifundisha kutulia kitini, na hata hapo mguu wangu unachezacheza kwenye pedali wakati hakuna nguo. Sasa nikawa nimejiletea nyumbani mwingine wa aina yangu, ua wenyewe mdogo. Kila asubuhi baada ya sala mama aliitoa pikipiki kibarazani, akaisimamisha kwa stendi, akaanza. Tope la kwenye madigadi alilitoa kwa kumbi la nazi. Mnyororo aliusugua kwa mswaki na mafuta ya taa. Ekzosi aliipaka ndimu na jivu, ileile dawa ya masufuria, akaikwangua hadi ikatoa sura yake ya dukani. Kiti alikifuta kwa siki iliyotiwa maji. Pikipiki haikuwa imekwenda popote tangu jana, lakini aliiosha kama imetoka shamba.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa kioo cha taa ya mbele. Alisema kimeshika ukungu, ni hewa ya bahari, na dawa yake ni dawa ya meno. Hilo hata mimi nilikuwa nimelisikia kwa vijana wa bodaboda, kwa hiyo sikubisha. Alikipaka, akakisugua kwa kitambaa laini kwa kuzungusha, akakisuuza, akarudi nyuma hatua chache kukitazama, akatikisa kichwa, akaanza upya. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nilianza kumsema kwamba meno yetu sote yataoza kwa ajili ya taa moja. Akacheka, akaenda kuchukua magadi.

Jumapili moja nilikuwa nafua pale pale uani. Akaniita niende nikamtazamie kama ukungu umepungua au bado uko vile vile.

Nikainama. Kwenye kile kioo niliiona sura yangu yote, kilemba changu kilichokaa upande, na nyuma yangu kamba ya nguo na kila kibanio juu yake. Hakikuwa na ukungu hata chembe. Nikainua macho kumwambia, na jua la asubuhi lilikuwa limempiga usoni. Ndani ya mboni zake, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe, kama maji ya kuoshea mchele.

"Umepungua," nikamwambia.

Nikarudi kwenye beseni. Ule weupe naujua. Bibi yangu, mama yake yeye, alikuwa nao macho yote mawili. Ni mtoto wa jicho. Bibi aliishia kukaa mkekani kwenye pembe ya chumba, akipapasa ukuta kwenda msalani, akilishwa, akigomba na watu ambao hawakuwepo. Mama ndiye aliyemuuguza hadi mwisho, na mara ngapi nimemsikia akisema kwamba yeye asifikishwe hapo, Mungu amchukue mapema. Sasa mimi nimwambie nini?

Kesho yake nikachukua ufunguo wa pikipiki. Nilimdanganya kwamba naupeleka kwa fundi funguo akachonge wa akiba, nikaufunga kwenye pindo la kanga na kwenda nao kazini Ngamiani. Haikunisaidia kitu. Kila pikipiki iliyopita mbele ya kibanda chetu niliinua kichwa, ingawa ufunguo ulikuwa unanichoma kiunoni. Nilikata shingo ya gauni la mteja mahali pa kwapa. Wenzangu wakaniuliza kama ninaumwa, nikawajibu kwa ukali, wakaniacha.

Jioni mama aliuliza ufunguo. Nikasema fundi hajachonga. Kesho yake akauliza, nikasema fundi amefiwa. Yule fundi nilimfiwisha ndugu zake karibu wote. Mama hakuwa mjinga. Aliacha kuuliza, na hilo likanitia hofu zaidi. Alianza kuzunguka ua, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye pikipiki. Akawasha redio kusikiliza hali ya hewa, akaizima kabla hawajamaliza. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari na yeye akawa anayanusa. Siku moja nilimkuta ameshafunga mbegu zake kwenye kigunia na kukikaza kwa kamba nyuma ya kiti.

Wakati wote huo kioo hakupumzika nacho. Magadi yaliposhindwa alihamia kwenye jivu, lile la kusugulia ekzosi. Na jivu halina huruma na plastiki. Baada ya siku chache kioo kilikuwa na mikwaruzo midogo midogo isiyohesabika, kimefubaa, na taa ilikuwa na ukungu wa kweli, aliouleta yeye mwenyewe kwa kusugua. Aliponiita tena nikatazame nilimwambia kweli, kimeharibika. Nakiri moyo wangu ulitulia kidogo. Nilidhani safari imekufa, na imekufa bila mimi kusema lolote.

Mama akasema basi kinunuliwe kingine.

Hakuningojea. Alimtuma jirani amwitie fundi wa pikipiki wa pale kona, na Jumamosi asubuhi fundi akaja na kioo kipya ndani ya boksi. Alimwamkia mama shikamoo, akaisifu pikipiki hadi mama akaona haya, akafungua skrubu, akaondoa cha zamani, akapachika kipya. Hakumaliza hata nusu saa. Alipoaga na kuondoka, matone makubwa ya mvua yakaanza kudondoka kwenye bati, moja moja. Mama akaniambia nimletee ufunguo, anataka awahi kivuko kabla mvua haijakolea.

Nilisimama mlangoni, pindo la kanga nimelikamata. Yeye akachukua kitambaa kupangusa alama za vidole vya fundi. Akapangusa. Akarudi nyuma. Akasogea karibu mpaka pua ikakaribia kukigusa. Akapangusa tena, kwa nguvu zaidi.

Akaanza kumlaani yule fundi. Alisema vijana wa siku hizi hawana haya, amemwona mwanamke mtu mzima akamletea kioo kilichotumika, chenye ukungu kuliko kile cha kwanza. Akaniagiza nitoke mbio nimrudishe kabla hajafika mbali.

Ingekuwa rahisi. Ningetoka, ningezunguka nyumba, ningerudi na kusema nimemkosa. Mama angemlaani fundi siku nzima, na Jumatatu tungetafuta kioo kingine, na kingine. Lakini yule kijana alikuwa hajafanya kosa lolote, na mvua ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimechoka kuishi roho juu.

"Kioo ni kisafi, mama," nikasema. "Hata kile cha kwanza kilikuwa kisafi."

Mkono wake ukasimama juu ya taa. Hakugeuka kunitazama. Baadaye aliinua kiganja akafunika jicho moja, akaelekeza uso kwenye kamba ya nguo. Akafunika la pili. Akarudia la kwanza. Kisha akapapasa nyuma yake, akakipata kizingiti cha jikoni, akaketi.

Mimi nikaanza kusema, na nilisema mfululizo kama mtu anayefukuzwa. Nilisema siku hizi wanapasua, si kama enzi za bibi, ni kitu kidogo, watu wanaingia asubuhi na kutoka wakiona. Nilisema nitafunga kazi nimpeleke mwenyewe hospitali ya Bombo. Nilisema mahindi tutapanda hata vuli. Matone yalikuwa yakitulowesha wote wawili na hakuna aliyesogea. Nikaona hasikilizi. Uso wake ulikuwa mbali, anafuatilia jambo ndani ya kichwa chake, anarudi nalo polepole, mahali kwa mahali.

"Siku ile nakuja huku," alisema hatimaye, "kutoka Mwera mpaka kivukoni watu walikuwa wakinipungia mikono. Wanaita, wanapiga kelele, wanakimbilia majanini, mpaka kina mama. Mie nikajua wananiaga."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Nikawapigia honi. Nikawapungia."

Nilinyoosha mkono nikakitoa kile kitambaa mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu, mama hakuinuka kwenda kutafuta kingine.