Mzee Themanini na Gari la Mkwe

Wateja wapya hudhani mume wangu ana miaka themanini, na wakimwona wanashangaa alivyojitunza. Wapi! Themanini ni mwendo, si umri. Ukiwa na gari linaloanza kutetemeka likifika themanini, mafundi watakubadilishia hiki na kile mpaka uchoke, halafu mmoja atakuhurumia akwambie, nenda kwa Mzee Themanini. Banda lake liko nyuma ya nyumba yetu, mabati juu, sakafu imekunywa mafuta mpaka imekuwa nyeusi. Mimi nashona mapazia chumba cha nyuma, na dirisha langu linatazama humo humo. Kwa hiyo yote nayasikia, nipende nisipende.

Somo lake ni moja na nimelisikia mpaka usingizini. Usukani ukikutikisa mikono, ugonjwa uko tairi za mbele. Usukani ukitulia ila kiti kikakutikisa makalio, tazama nyuma. Na gari likitetemeka mwendo fulani tu, ukiongeza likaacha, basi kuna tairi lina upande mzito kuliko mwingine. Anayo mashine kuukuu ya kupimia tairi, lakini huwa anaicheka. Mashine inakwambia tairi ni zito wapi, husema, ila mikono ndiyo inayokwambia ufungue tairi lipi.

Sasa, gari lililotusumbua halikuwa la mteja wa kupita. Lilikuwa la mkwe wetu, baba wa kijana aliyemuoa binti yetu, mtu mpole kupita kiasi, hata ukimkanyaga yeye ndiye ataomba radhi. Alipolileta mara ya kwanza, mume wangu alizunguka nalo kidogo, akarudi akafungua tairi za mbele, akazipima, akagonga kwenye rimu vipande vyake vya risasi, vile vya kusawazisha uzito. Wiki haijaisha, mkwe huyo. "Gari zuri sana, mkwe, ahsante. Ila bado linanisalimia kidogo." Mume wangu akafungua tena mbele, safari hii akabadilisha na kiungo cha usukani.

Mara ya tatu mkwe hakulitaja gari kabisa. Alikaa sebuleni akazungumzia wajukuu, jino la huyu, mafua ya yule, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Na gari, mkwe?"

Akatazama kikombe chake. "Tumelizoea."

Jamani! Tumelizoea! Bora angetutukana. Tangu nimjue mume wangu hakuna gari lililowahi kurudi mara mbili kwa ugonjwa ule ule, na hili linarudi mbele ya mkwe. Mteja akikosa kuridhika atapiga domo mtaani, yataisha. Kwa mkwe haiishi, utakutana naye kwenye kila harusi na kila msiba. Na kazi ile ndiyo mume wangu mwenyewe. Mwondolee ile, utabakiwa na mtu anayekaa barazani akikagua magari ya watu kwa macho.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwongeza mkwe chai, nikamgeukia mume wangu, naye kama kawaida yake ya siku hizi akasema, "Nusu tu." Alikuwa ameanza hayo mambo ya nusu kikombe tangu mvua zilizopita. Nilimtania sana mwanzoni, nikamuuliza kama ana mwingine anayemjazia nusu ya pili. Alicheka, akaendelea na nusu yake.

"Usukani unatikisika, mkwe, sikatai," akasema. "Nimeusikia mwenyewe. Hata arobaini unatikisika."

"Arobaini?" Mkwe akashangaa, kisha akajirudi kwa adabu. "Labda. Mimi kwangu ni kuanzia themanini mpaka karibu na mia. Likipita hapo, tuli."

Nikabaki nimesimama na birika langu. Gari la namna hiyo halitetemeki kwa arobaini. Hilo hata mimi mshona mapazia nalijua, na aliyenifundisha ndiye huyu aliyekaa mbele yangu anasema kinyume.

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Naendesha mimi."

"Wewe?"

"Kwani nani alinifundisha, jirani?"

Tulimwacha mkwe na chai yake, tukashika barabara iliyonyooka, ile inayopita kituo cha mafuta na ghala la mbao. Mume wangu alikaa upande wa abiria. Arobaini, hakuna kitu. Sitini, hakuna kitu. Themanini, kiti kikaanza. Si mchezo, kilinitikisa mpaka kiunoni, na kioo cha katikati kikawa kinacheza. Nikalegeza vidole kwenye usukani nione.

"Kiti," nikasema.

"Na usukani?"

"Umetulia."

"Shika vizuri."

"Nimeshika vizuri, mzee. Umetulia kabisa."

Nikakanyaga mafuta. Tulipoivuka mia gari likaacha, likawa linateleza tu bila neno. Ndipo nikatupa jicho pembeni. Alikuwa ameweka mikono mapajani, na ule wa kulia ulikuwa bado unatikisika. Nikapunguza mwendo, nikasimama kando ya barabara.

"Nilidhani ni gari," akasema.

"Na chai je? Nayo ni gari?"

Nilisema kwa ukali, na nilijuta kabla sijafunga mdomo. Yeye akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Naogopa, mama. Fundi mwenye mikono hii ataletewa gari na nani?"

"Na mimi naogopa," nikamwambia, kwa sababu ilikuwa kweli. "Lakini kiti hukukisikia?"

"Nilikisikia siku ya kwanza. Mikono ikapiga kelele zaidi, nikaisikiliza yenyewe. Ilikuwa haijawahi kunidanganya."

Hapo nikamwambia kesho tunakwenda hospitali. Akaniambia kesho kuna gari linakuja. Nikamwambia litangoja, na likiwa na haraka liende likatetemekee kwingine.

Tuliporudi alifungua tairi za nyuma. Ndani ya rimu ya kushoto kulikuwa na bonge la tope lililokauka na kushikilia kama saruji. Akalibandua kwa bisibisi, akaosha, akapima. Vile vipande vya risasi nilivishika mimi, yeye akagonga, na vidole vyangu viko salama mpaka leo. Mkwe akatoka kulijaribu. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake kabla hata hajazima gari.

"Mkwe, wewe ni fundi! Hiki kiungo ulichobadilisha kumbe kilitaka muda tu kikae sawa."

Mtu yule, hata uongo wa kumsitiri mwenzake anao tayari mfukoni. Ilibaki mume wangu aitikie tu, yaishe, na mimi nilikuwa namwombea aitikie.

Tukarudi sebuleni. Nikamimina chai, mkono wangu kwa mazoea ukaishia nusu. Akarudisha kikombe kwangu.

"Jaza."

"Mzee..."

"Jaza, mama."

Nikajaza mpaka juu. Akakinyanyua kwa mkono wa kulia, mbele ya mkwe, bila kusaidia na wa kushoto. Chai ikamwagika kwenye sahani, ikamwagika kwenye suruali, naye hakuharakisha. Akanywa, akakishusha.

"Gari lako mbele halikuwa na tatizo, mkwe. Nilichokisikia kwenye usukani ni mikono yangu. Inanitetemeka. Kuanzia sasa usukani atanishikia huyu."

Mkwe alivuta sahani ya mwenzake iliyojaa chai akaiweka pembeni, akaweka yake kavu chini ya kile kikombe, kisha akanitazama ili niongeze iliyomwagika. Nikaongeza, mpaka juu.