Ng'ombe wa Kwanza Kuingia Joshoni

Ninaikumbuka asubuhi moja ya kiangazi kwenye josho la kijiji kimoja jirani na Tinde, mwanangu, na kila ninapoikumbuka goti langu la kulia huuma. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea mifugo, nimeletwa wakati wa likizo nijifunze kazi kwa vitendo. Nilifika na suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vyenye soli nene, na maarifa tele ambayo hakuna aliyeyaomba.

Josho, kama hujawahi kuliona, ni handaki jembamba la saruji lenye maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe hutumbukia upande huu, huogelea, hutokea upande ule. Dawa ikikaa wiki nzima hutuama chini. Kwa hiyo wale wa kwanza kazi yao ni kuikoroga tu kwa miguu. Wao hutoka na maji matupu, na inabidi warudi waoge tena. Hilo nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Tena lilikuwa kweli.

Mzee Masanja alikuwa ameamka gizani ili awe wa kwanza, maana kule kutangulia joshoni ni heshima. Kundi lake lilikuwa na mtamba mwekundu aliyeahidiwa kwenye mahari ya mwanawe. Lilipotoka majini, nikapaza sauti nikiwa juu ya ukuta:

"Wewe mzee! Rudisha ng'ombe wako nyuma ya foleni!"

Mzee akanitazama kuanzia raizoni hadi nywele.

"Kijana, umeniamkia?"

"Utaratibu ni kwamba..."

"Ng'ombe wangu wameshaoga. Wewe je, umeoga?"

Walicheka hadi mbwa wakabweka. Akawaswaga ng'ombe wake akaondoka. Bwana mifugo, niliyekabidhiwa kwake, alipiga miayo tu. Wiki zilizofuata mzee aliendelea kutangulia na kuondoka, nami niliendelea kununa kivulini, nikiandika ripoti nzuri sana kuhusu ukaidi wa wafugaji.

Kisha tukaitwa nyumbani kwa Mzee Masanja. Bwana mifugo akanituma mimi.

Mtamba alikuwa amesimama zizini, kichwa chini, anahema kwa shida, tezi za chini ya masikio zimevimba. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Niliijua hata kabla ya kumgusa, na dawa ya kumtibu haikuwepo kituoni, wala sikujua ingepatikana wapi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

Nikamweleza, safari hii polepole, habari ya dawa inayotuama na ng'ombe wanaotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Neno hilo ulikuwa nalo siku ile?"

"Nililisema, baba."

"Hapana. Siku ile ulinifokea. Hilo la dawa kutuama hukulisema."

Mkewe akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Nilitafuna muda mrefu sana.

Mtamba alikufa kabla ya siku ya josho. Harusi ikasogezwa hadi pamba ya msimu mwingine iuzwe.

Siku ya josho ilipofika nilivua raizoni, nikaingia kwenye njia ya ng'ombe kuwasukuma pamoja na wenzangu. Nililoa dawa mwili mzima, na dume moja likanipiga teke gotini. Mzee Masanja alitangulia kama kawaida. Kundi lake lilipotoka, akalirudisha mwenyewe nyuma ya foleni, huku akiwaeleza wengine sababu. Alipopita karibu yangu nikamwamkia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu," akajibu. Akanitazama ninavyochuruzika. "Leo umeoga."

Sasa umekuja ofisini kwangu hapa Shinyanga nikugongee muhuri kwenye fomu yako ya mafunzo ya vitendo ili urudi Dar bila kufika kijijini. Nimechoka, mwanangu, muhuri uko mezani, na kuupiga hakunisumbui. Lakini nenda kwanza. Ingia mahali kazi inapofanyika, si juu ya ukuta. Amkia watu. Unapowaambia la kufanya, waambie na sababu yake, na wakikukatalia usiende kununa kivulini. Rudi useme tena, vizuri zaidi. Unayoyajua ni ya kweli, sina shaka. Hata yangu yalikuwa ya kweli.

Mungu akupe miguu ya kufika na ulimi wa kuamkia, na ulijualo lisikwame mdomoni mwako wakati mtamba wa watu angali mzima.