Blanketi Yenye Balikata Kama Kitenge

Nilikuwa nimebeba sahani ya samaki kwa mikono mbili wakati niliona mukasi unapita mu blanketi yangu. Fundi wa mashini ya kushona alikuwa ameitandika juu ya meza ya kanisa, ameikandamiza kwa kiwiko, anakata moja kwa moja kama muntu anayekata kitenge ya sketi. Kipande kimoja kilikuwa tayari pembeni. Nyuma yake alisimama prezidenti wa kikundi chetu cha bamama, anamuonyesha kwa kidole fasi ya kupitisha mukasi. Mbele yao bageni batatu balikaa ku biti, banatabasamu, banangoja zawadi.

Sikupiga kelele. Niliweka samaki chini ku simenti, nikasema: "Ile si ya kikundi. Ile ni ya nyumba yangu."

Prezidenti aligeuka, akaniangalia uso wangu wenye ulikuwa umelowa machozi, akacheka kidogo, akabaambia bageni kitu mu Kifaransa. Bageni bakapiga makofi. Mi Kifaransa sikijui, niliacha masomo mwaka wa tatu wa primeri. Ni mama mumoja wa kikundi alinieleza kesho yake. Prezidenti alibaambia kwamba ninalia kwa furaha.

Sasa nataka kila muntu wa muji wetu wa Baraka ajue ile blanketi ilikuwa nini.

Mi ni muntu wa mulimani, kule juu ya Fizi. Kule asubuhi baridi inaingia mpaka mu meno, kila muntu iko na sweta yake. Mu nyumba tulikuwa batano: mi, bwana yangu, mama mukwe, kijana wetu na binti wetu mudogo. Siku moja jua lilitoka vizuri, nikasema leo ni siku ya kufua sweta. Nilibavua bote. Mama mukwe alikataa kwanza, akasema nataka afe na baridi nirithi kitanda chake. Tulicheka, akaivua. Niliweka sweta zabo ine mu beseni, nikashuka ku mutoni.

Batu ba bunduki balikuja nikiwa kule. Nilichosikia sitakiandika. Nilipanda mpaka migomba ya mwisho, nikaona, nikageuka. Beseni niliiacha, lakini sweta nilizibeba mugongoni zikichuruzika maji, nikashuka nazo hivyo mpaka Baraka. Ndizo tu nilitoka nazo. Niliandikisha majina yabo ine mu biro mbili za serikali. Mu biro ya kwanza baliniambia nirudi. Mu biro ya pili baliniuliza kama nina mushuhuda. Mpaka leo hakuna hata muntu mumoja aliyeitwa kuulizwa.

Miaka mingi zile sweta zilikaa mu mufuko chini ya kitanda. Kuzivaa siwezi, kuzigawa siwezi. Siku moja nilikuta panya amezalia ndani ya ile ya binti yangu. Nilimupiga mpaka ufagio ukavunjika. Jirani yangu, mama mwenye alikaa mu kambi ya bakimbizi ng'ambo ya ziwa na kujifunza kufuma kule, alikuja kuangalia mashimo.

"Yaya, dada yangu," akaniambia, "usipozifumua wewe, panya atazifumua."

Alisugua ku jiwe rayo mbili za kinga, zile waya nyembamba za gurudumu la baiskeli, mpaka zikapata ncha. Hizo ndizo sindano zangu mpaka leo. Akanionyesha kutafuta mwisho wa uzi pale shingoni, na kuvuta. Ukiupata, mustari unaanguka, na mwingine, na mwingine, mpaka sweta inakwisha mikononi. Sufu inatoka imejikunja. Unaiosha, unaitundika na jiwe chini ili inyooke. Ile ya bwana yangu ilitoka na harufu ya moshi wa jiko letu. Niliiacha nikaenda kukaa inje.

Sikujua kazi. Blanketi ya kwanza ilipanuka upande mumoja kama tumbo, nikaifumua. Ya pili pia. Ya tatu ndiyo ilinyooka. Nikitoka ku shamba, nikishakula, nilikaa ku mulango nafuma mistari mbili, tatu, mpaka macho yanachoka. Bamama bakipita banacheka. Mumoja aliniuliza, mu joto hii ya Baraka, na blanketi ya sufu, ninataka kupika nani. Nikamujibu nitaanza na bwana yake, anaonekana bado mubichi. Ndiyo, nilicheka. Kufuma kulinirudishia kucheka, na hiyo pia nataka ihesabiwe.

Sikuifuma ya kuuza. Sikuifuma hata ya kujifunika. Nilibapanga kama balivyolala mu ile nyumba: kijani ya mama mukwe kwanza, karibu na mulango, kisha kahawia ya bwana yangu, kisha nyekundu ya kijana, na mwisho, ku ukuta, manjano ya binti.

Kikundi kinakutana kila Alhamisi kanisani. Bengi banadarizi bitambaa bya kufunika biti. Habari ya bageni ilipofika, prezidenti alikuja kwangu mwenyewe. Alitaka nimuazime blanketi ipambe meza siku hiyo moja tu, saa kumi nibebe yangu. Nilimueleza kila rangi ilikuwa ya nani. Bamama babili balikuwa pale, banasikia. Alinishika mukono akasema, "Pole sana, mama." Kwa hiyo asiseme leo kwamba hakujua. Mi kosa langu ni hilo moja, nilimuamini kwa sababu ya ule mukono. Alafu siku ya bageni akanituma ku jiko kukaanga samaki, na mi nikaenda.

Sababu ya kukata ni hii. Bitambaa bitatu bya zawadi alibichukua yeye kubidarizi nyumbani, akijisifu kwamba mukono wake ndio mzuri kupita yetu. Hakubimaliza. Bageni balipofika akaona haya, na haya yake akaifunika na batu bangu. Alibaambia kila kipande kilifumwa na mama mumoja wa kikundi.

Fundi naye asijifiche. Nilimufuata ku soko, nikamuuliza.

"Mama, baliniambia kata, nikakata," alisema. "Sikujua inafumuka."

Muntu anakaa ku mashini miaka yote ile na hajui kitu cha kufuma hakikatwi. Kitenge ukiikata unaipinda ukingo, imekwisha. Nguo ya kufuma tanzi moja inashika ingine. Ukikata, hakuna yenye imeshikwa. Alijaribu kupinda na mashini, ukingo ukajikunja kama utumbo wa mbuzi. Akaona, akaendelea.

Mugeni wa kwanza alitoka na manjano yote na nyekundu kidogo mukononi. Uzi ulikuwa unamufuata chini, kutoka mulango wa kanisa mpaka ku motokari, na hakuna mwenye aliuona. Mi niliuokota. Nilitembea nyuma yake ninauzungusha ku vidole, pole pole, mpaka mulango wa motokari ulifungwa, uzi ukakatika. Donge lake liko sawa na yai. Kipande cha katikati, chenye kahawia nusu na nyekundu, kilienda mu motokari ile ile. Mugeni wa tatu aliacha chake ku kiti, kwa sababu kilikuwa kinaachana mikononi mwake. Hicho ndicho ninacho, mama mukwe wangu na nusu ya bwana yangu.

Muchungaji aliniita. Alisema ni kitambaa tu, nisamehe, kikundi kisivunjike, bageni balifurahi. Nilimuambia avue koti yake niikate vipande tatu, ndipo tuongee juu ya kusamehe. Hakuivua.

Bale ba bunduki kule mulimani sikubaona uso. Kama biro zinabaogopa, mi nitafanya nini. Lakini wewe prezidenti, uso wako ninaujua, tunakaa kiti kimoja kila Alhamisi, na bale bageni wewe ndiye ulibaita, unajua pa kubapata. Alhamisi inayokuja nitakuja na kipande changu na lile donge la manjano, nitabiweka ku meza ile ile. Fundi nimemuambia afike. Bale bamama babili benye balisikia bakae mbele. Usiniletee sukari wala kitenge ya pole. Simama mbele ya bote, useme ile blanketi ilikuwa ya nani, na useme mi nilikuwa ninalia nini. Alafu unijibu: kijana wangu na binti yangu umebapeleka wapi, na banarudi siku gani?