Mshale Uliomwonyesha Epiphanie

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta za dukani, nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo vyake. Siku hiyo sikumaliza hata kimoja. Simu ililia.

"Allô! Dada yangu alipoteaka lini?"

Mwanaume. Anahema kama anakimbizwa.

"Dada gani?"

"Epiphanie! Nimemuona kwenye intaneti yenu, munamutafuta!"

Jamani, nikachungulia nje. Epiphanie nilikuwa namuona dirishani, ng'ambo ya barabara, anapanga vitenge vyake!

Ngojeni niwaeleze.

Ilikuwa 2004, mtaani kwetu Bwiza. Usiku risasi milimani, asubuhi tunafungua duka. Nilikuwa natengeneza kurasa za intaneti kwa Gaspard, mwenye duka. Epiphanie alimtafuta mdogo wake, Melchior, aliyekimbia vita ilipoanza. Fununu zilisema yuko Khartoum.

Kila siku anaingia na kuniuliza: "Mwanangu, bado hajapiga?"

Nami, kwa aibu zangu, natikisa kichwa tu.

Ukurasa wenyewe ulikuwa rahisi. Picha ya Melchior kushoto, ya Epiphanie kulia, katikati mshale unaoelekea kushoto: TUNAMTAFUTA HUYU. Chini, namba ya simu ya duka.

Kimya. Miezi.

"We binti," Gaspard akasema, "Khartoum wanasoma Kiarabu, na Kiarabu kinaanzia kulia. Tengeneza wa pili, ugeuze yote!"

Mwalimu mmoja wa mtaa wa Buyenzi akatutafsiria. Nikaandika amri moja, ukurasa uanzie kulia. Maneno yakakaa sawa. Nikauweka intanetini, na kabla sijatazama picha, umeme ukakatika.

Baadaye ndiyo niliona. Picha zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mshale, kwa kuwa nao ni picha tu, haukugeuka. Ulimwonyesha Epiphanie.

Lakini asubuhi ile sikujua lolote.

"We ni Melchior?" nikauliza. "Mbona tunakutafuta wewe!"



"Najua. Ule wa Kiswahili niliuonaka zamani."

Mimi nisiyeweza hata kuita muuza karanga, nikapiga kelele dirishani: "Mama Epiphanie! Njoo!"

Akaja mbio, kitenge begani. Sijamaliza kumweleza aliyoniambia Melchior, akaninyang'anya simu.

"Uliona nakutafuta, ukanyamaza? We ni mutu gani?"

Sauti ya Melchior ilisikika hadi nilipokaa.

Tangu siku hiyo, mtu akikaa kimya siharakishi kusema amenisahau. Wengine wanaogopa jibu. Nanyi msiharakishe.

"Niliogopa, dada. Ningepiga, ningeuliza. Lakini nilipoona ni we umepotea, sikuweza tena kunyamaza."

"Kuuliza nini?"

Waya ukakwaruza. Epiphanie akabana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama bado iko muzima?"

"Iko, Melchior. Iko. Rudi nyumbani."