Familia ya Mia Tano na Kumi na Mbili

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta kadi za waumini wa parokia moja ndogo, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Ushirombo. Nilikuwa mtoto wa Shinyanga mjini, nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na kule parokiani miezi mitatu hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu.

Kazi tuliifanya wawili. Katekista, mwalimu wa dini, mzee aliyezizungukia familia za parokia kwa miguu tangu ujana wake, alikaa kando yangu akinisomea kadi, nami nikichapa. Kila familia ilikuwa na faili lake, na kila faili lilikuwa na namba badala ya jina. R na l zilibadilishana nafasi mdomoni mwake, kama kwa watu wengi wa huko, kwa hiyo mwanzoni nilimwomba anitajie majina herufi kwa herufi. Hakuchoka. Ilituchukua karibu mwaka mzima kufikisha familia mia saba na kitu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Asubuhi nyingine ilikataa kuwaka hadi uizime na kuiwasha mara tatu. Padri akaona hatari iliyokuwepo, na aliporudi kutoka safari ya Mwanza alileta diski ya nje, kikasha kizito kama matofali mawili, chenye waya mmoja wa umeme na mwingine wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Aliniagiza nihamishie humo nakala ya mafaili yote. Ijumaa angekwenda nayo makao makuu ya jimbo ikatunzwe huko.

Jumatano mchana nikaanza. Namba zilipita kwenye skrini moja baada ya nyingine, diski ikinguruma taratibu, kisha kila kitu kikasimama. Kompyuta iliandika kwamba haiwezi kuunda faili. Wakati huohuo Katekista alikuwa anainuka kitini, na goti lake lilikuwa limegusa mguu wa meza. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nisingethubutu kumtolea baba yangu, kwamba amelegeza waya, na kwamba tangu hapo akae mbali na meza. Alichukua kofia yake akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni.

Nikakaza waya, nikafuta kila kilichoingia kwenye diski, nikaanza upya. Ikasimama tena.

Alhamisi asubuhi nikaamua kuwa tatizo ni umeme. Jenereta ya parokia ndiyo iliyoendesha pia mashine ya kusaga, na kila mashine ilipoanza kazi taa ya ofisini ilififia. Nikamwomba Padri aizime mashine hiyo kwa muda. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi na mihogo mikavu wakaambiwa wasubiri. Mmoja wao alikuja hadi dirishani, akanisalimia kwa Kisukuma, akauliza kwa upole kama hicho kidude nacho kinasagiwa unga. Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa na jasho mgongoni. Taa ilitulia kabisa, lakini nakala ikasimama vilevile. Nikaangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, nikakuta karibu yote ni tupu.

Padri akaingia kuuliza tumefikia wapi. Nikamsomea namba ya faili lililogoma, mia tano na kumi na mbili, nikamwambia huenda diski ni mbovu tangu dukani. Hapo ndipo Katekista alipozungumza, akiwa bado kwenye benchi lake.

"Mwanangu, hata jana ilisimama kwenye hiyohiyo. Mara zote mbili."

Jana yake nilikuwa nikizisoma namba kwa sauti bila kuzizingatia, naye aliikumbuka hiyo kwa sababu aliijua familia. Walikaa ng'ambo ya mto, na kadi yao ilikuwa imefutwafutwa, kwa vile mume aliwahi kuoa mke wa pili kisha akarudi kwa wa kwanza na kutengeneza ndoa yao kanisani. Aliuliza kama inawezekana mashine inakwama kwa sababu ya kule kufutwafutwa. Hilo halikuwezekana, ila sikucheka. Waya uliolegea usingechagua namba, wala umeme usingechagua.

Nikairuka familia ile, nikajaribu kunakili inayofuata. Ikakataliwa nayo. Nikafuta faili moja tu kwenye diski, nikajaribu tena. Ikapokea moja, la pili ikalikataa. Basi haikuwa familia wala ukubwa wa mafaili. Diski ilikuwa inahesabu.

Nikachukua kitabu cha maelezo kilichokuja nayo, ambacho kwa kiburi sikuwa nimekifungua. Maelezo yalikuwa kwenye kurasa za mwisho: pale juu kabisa, nje ya folda zote, diski ina orodha ya majina yenye nafasi mia tano na kumi na mbili tu, moja ikiwa ya jina la diski yenyewe, na ikijaa haipokei jina jingine hata kama kwingine kote ni kutupu. Ndani ya folda hakuna kikomo hicho. Kwenye kompyuta mafaili yetu yalikuwa ndani ya folda tangu mwanzo, lakini kwenye diski nilikuwa nayamwaga nje. Nikatengeneza folda, nikaanza tena. Mashine ya kusaga ilikuwa imeshawashwa, taa inafifia na kurudi, na familia zote zikaingia.

Nilitoka nikaketi kwenye benchi kando ya Katekista. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Jana nilikukosea."

"Marahaba," akasema. Kisha akaniambia kuwa goti lenyewe kweli liligonga meza.

Padri alitaka tuhakikishe kwa kufungua mafaili machache kutoka kwenye diski. Katekista akaomba tufungue la kwake. Akavuta kiti hadi kwenye meza, akasoma taratibu kwa kidole bila kugusa kioo: yeye, mkewe, watoto watano. Akasema wako sita. Kulikuwa na binti aliyebatizwa na kufariki kabla hajafikisha miaka miwili, kabla parokia haijaanza kutumia kadi. Mwaka mzima alikuwa ananisomea watoto wa watu, na siku tulipofika kwenye kadi yake aliisoma kama ilivyoandikwa.

Tukakiteremsha kabatini kitabu cha zamani cha ubatizo, tukamkuta. Nikaandika jina lake juu ya yale matano, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa, nikalinakili faili upya. Ijumaa asubuhi Padri aliifunga diski ndani ya taulo, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaondoka.