Tope la Msegese

“Umeuvua mpaka nguo ya ndani!” Yustina alimfokea Laurenti, mtoto wa marehemu dada yake, mbele yetu tuliokwenda kuchota maji. “Mti huu ulikukosea nini?”

Laurenti alikuwa ameanza kwa adabu: “Shikamoo, mama mdogo.” Hakuitikiwa. Mimi jirani wa Yustina nilikuwepo, na nasema kijana alistahili.

Msegese ule uko shambani kwa ukoo wao, juu ya Kinole. Yustina aliachiwa mti huo na mama yake, naye aliachiwa na wa kwake. Mumewe aliporudi kutoka Turiani na kifua kibovu, alimchemshia gome lake kila asubuhi. Hospitali alimpeleka vilevile, si mjinga. Tangu hapo, kila mwenye mtoto anayekohoa anaujua mlango wake. Yeye hubandua kipande cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja tu, kisha kidonda cha mti hukipaka tope. Kwetu ukiondoka bila kupaka, una deni, na deni hilo hakuna wa kukulipia.

Sasa mjini wamesikia gome lina viondoa sumu, na Laurenti ndiye anayewabandulia na kuwauzia. Haya, huenda vimo. Lakini nani kawaambia sumu inaondolewa kwa magunia? Eti kopo la unga wake limeandikwa linatibu kisukari, presha na uzee. Uzee! Basi wauzaji wote wangekuwa wananyonya.

“Wateja ni wengi, mama mdogo,” Laurenti akajitetea.

“Na mwakani utawauzia nini? Kivuli?”

Mti ukivuliwa gome pande zote, unakufa. Huu ulibakiwa na ukanda mwembamba upande wa bondeni, na si kwa huruma ya Laurenti. Aliogopa kuteleza.

Yustina akaingia nyumbani kwake, pale pale kando ya shamba, akafunga mlango. Laurenti akabaki kasimama kama mgeni.

“Kaka, unadaiwa!” nikamwambia. “Au tope nalo linaagizwa mjini?”

Akachukua ndoo. Akachimba tope mtoni, akaja kwangu kuomba kinyesi cha ng’ombe, akachanganya kwa mikono. Alipaka mchana kutwa. Upande wa bondeni akateleza kweli, akajaa tope hadi masikioni. Tulicheka, sikufichi.

Jioni Yustina akatoka. Akauzunguka mti akibonyeza kwa kidole gumba, hana haraka. Chini ya tawi akaona pengo, akalionyesha. Laurenti akaliziba.

“Marahaba,” Yustina akamwitikia.