Matone Elfu Mbili na Mia Tano

Mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi nilipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja upande wa Temeke. Wiki ya kwanza tu, nikamkuta wodini jirani yetu wa Mbagala, mama mshona nguo aliyenijua tangu nabebwa mgongoni. Alikuwa ameharisha mpaka macho yameingia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari wangu!" Akawageukia wagonjwa wenzake. "Mtoto wetu huyu. Mie leo nimepona."

Nikavimba kichwa. Msimamizi wetu, sista mmoja wa sauti ndogo, alikuwa ameshamwekea dripu ya lita moja. Akaniuliza mbele ya wanafunzi wenzangu, "Maji haya yaishe kwa saa nane. Kwa mrija huu, mililita moja ni matone ishirini. Kila dakika yadondoke mangapi?"

Nikazidisha, nikagawanya kwa nane, nikajibu kwa sauti kubwa, maana nilitaka mama asikie.

"Elfu mbili na mia tano!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Sista hakucheka. "Kwa dakika moja? Hebu yahesabu basi, nikuone."

Nilikuwa nimesahau kugeuza saa kuwa dakika. Hesabu ya shule ya msingi! Nikarudia: arobaini na mawili. Safari hii nilipatia. Lakini niliponyoosha mkono nishike kigurudumu cha mrija, nirekebishe mwendo wa maji, mama akauvuta mkono wake wenye sindano, akauficha chini ya kitenge.

"Sista, nirekebishie wewe," alisema taratibu, bila kunitazama.

Uso uliniwaka. Siku zilizofuata nilipitia upande wa pili wa wodi, nikijifanya nina haraka. Akiita kwamba maji yanakaribia kuisha, namtuma mwenzangu.

Jirani aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama yangu akanivuta twende kumpa pole. Nilikuwa na kipimo changu cha presha kwenye mkoba.

"Mpime basi jirani yako," mama akanihimiza.

"Aa, mwache mtoto apumzike," jirani akasema haraka. "Ametoka kazini huyu, amechoka."

Akanimiminia chai, akaniongezea kitumbua ambacho sikukiomba. Mama yangu hakuelewa kitu, na sikumweleza. Nilitafuna nikiwa nimeinamisha kichwa. Heri jirani angenisema.